Makwanyane na Mchunu: vifo vinne, unyang'anyi mmoja, na swali la nani athibitishe

Washtakiwa walikuwa wawili, Makwanyane na Mchunu, na shauri lao ndilo lililokuja kuamua hatima ya adhabu ya kifo nchini mwao. Mahakama ya Witwatersrand, nchini Afrika Kusini, iliwatia hatiani kwa makosa manne ya kuua kwa kukusudia, kosa moja la kujaribu kuua na kosa moja la unyang'anyi wenye mazingira yanayozidisha uzito wa kosa. Maneno hayo ya mwisho yana maana yake maalumu katika sheria ya mwenendo wa mashauri ya jinai ya nchi hiyo ya mwaka 1977: ni unyang'anyi ambao mtendaji au mwenzake alishika bunduki au silaha nyingine ya hatari, au alimjeruhi mtu vibaya, au alitishia kumjeruhi hivyo. Sisi Watanzania tungeuita unyang'anyi wa kutumia silaha, na Wakenya wangeuita wizi wa mabavu. Kwa kila mtu aliyeuawa jaji alitamka adhabu ya kifo, na kwa makosa mawili yaliyobaki akatoa vifungo virefu.

Rufaa ilipopanda hadi Bloemfontein, majaji wa rufani walisema bila kuficha kwamba mazingira ya mauaji yale yalistahili adhabu kubwa kuliko zote zinazoruhusiwa na sheria. Rufaa dhidi ya vifungo vya kujaribu kuua na unyang'anyi ilitupwa. Kwenye adhabu za kifo, hata hivyo, walisita, kwa kuwa Katiba ya mpito, ya kuitoa nchi katika utawala wa ubaguzi wa rangi, ilikuwa imeanza kutumika tarehe 27 Aprili 1994 na hakuna aliyekuwa na hakika kama kitanzi bado kilikuwa adhabu halali. Walisimamisha sehemu hiyo ya rufaa na kupeleka swali kwenye Mahakama mpya ya Katiba.

Hapa ndipo kisa hiki kinapotofautiana na vingi vinavyosimuliwa na wanaopinga adhabu ya kifo. Kwa kawaida mtetezi hutafuta mfungwa ambaye hatia yake ina shaka, ushahidi wake una matundu, au aliyekiri chini ya mateso, kwa sababu ni rahisi kumhurumia mtu anayeweza kuwa hana kosa. Katika shauri la Makwanyane, lilipofika Mahakama ya Katiba, hatia haikuwa na ubishi tena. Maiti zilikuwa nne, na waliohukumiwa ndio waliotenda. Kama hoja dhidi ya kunyonga isingeweza kusimama mbele ya watu hawa, basi isingekuwa hoja ya kisheria hata kidogo; ingekuwa huruma tu, na huruma huchagua wa kumwangukia.

Ili kuielewa kesi yenyewe lazima turudi nyuma kidogo, kwenye sheria iliyokuwapo. Kuanzia mwaka 1935 hadi 1990, mtu aliyepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia alihukumiwa kifo kwa lazima, isipokuwa pakionekana mazingira ya kupunguza lawama, na mzigo wa kuthibitisha mazingira hayo ulikuwa juu ya mshtakiwa mwenyewe. Alipaswa kuishawishi mahakama kwa nini asife. Wanyongwao walipelekwa gereza kuu la Pretoria, ambako walipanda ngazi 52 hadi chumba chenye boriti iliyoweza kubeba vitanzi saba kwa wakati mmoja. Katika miaka ya 1980 peke yake walinyongwa watu zaidi ya 1,000, wengi mno kati yao wakiwa Waafrika weusi waliohukumiwa na majaji weupe.

Mwaka 1990 mambo mawili yalibadilika. Mwezi Februari Rais F. W. de Klerk alisitisha kunyonga. Mtu wa mwisho alikuwa amenyongwa Novemba 1989. Baadaye mwaka huohuo Bunge liliufuta ulazima wa adhabu ya kifo, likamwachia jaji uamuzi, na mahakama zikaitafsiri sheria hiyo mpya kwa namna iliyouhamisha mzigo: sasa Jamhuri ndiyo ilipaswa kuthibitisha yanayozidisha uzito wa kosa na kuyaondoa yanayopunguza. Naomba msomaji aukumbuke uhamisho huu, kwa maana ndio ufunguo wa yote yaliyofuata. Majaji waliendelea kutoa hukumu za kifo bila mtu kunyongwa, na kufikia mwaka 1995 magereza yalikuwa na wafungwa kati ya 300 na 400 wanaosubiri.

Mahakama ya Katiba ilifunguliwa rasmi Johannesburg tarehe 14 Februari 1995. Rais Nelson Mandela, aliyekuja kuifungua, alikumbusha kwamba mara ya mwisho aliposimama mahakamani alikuwa akisubiri kusikia kama atahukumiwa kifo. Siku iliyofuata mahakama ilianza kusikiliza shauri hili, la kwanza kabisa katika historia yake. Rais wa mahakama, Arthur Chaskalson, alikuwa miongoni mwa mawakili waliomtetea Mandela katika kesi hiyo, ijulikanayo kama kesi ya Rivonia. George Bizos, wakili mwingine wa Rivonia, sasa alisimama kwa niaba ya Serikali, na msimamo wa Serikali mpya ulikuwa kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba. Aliyesimama kuitetea adhabu hiyo alikuwa Mwanasheria Mkuu wa mashtaka wa Witwatersrand, na aliitetea kwa bidii, jambo ambalo naliona lilikuwa la kheri, kwa sababu shauri zito namna hii lisingestahili kuamuliwa pande zote zikiimba wimbo mmoja.

Kiini cha ugumu kilikuwa ukimya wa Katiba. Kifungu cha 9 kilisema kila mtu ana haki ya kuishi, kikaishia hapo. Hakukuwa na maneno ya "isipokuwa kwa mujibu wa sheria" wala ya "isipokuwa kwa hukumu ya mahakama". Waliokaa kuiandika Katiba ile hawakuafikiana, wakaliacha jambo liamuliwe na majaji. Linganisha na Ibara ya 14 ya Katiba ya Tanzania, inayosema kila mtu anayo haki ya kuishi na kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake, "kwa mujibu wa sheria". Maneno manne hayo yamebeba uzito mkubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani, na nitayarudia.

Hukumu ilitolewa tarehe 6 Juni 1995. Majaji wote 11 walikubaliana, na kila mmoja aliandika maoni yake, lakini njia zao hazikuwa moja: baadhi walisimama juu ya haki ya kuishi, wengine juu ya utu wa mtu. Hukumu kuu, ya Chaskalson, ilijengwa juu ya kifungu kilichokataza adhabu za kikatili, za kinyama na za kudhalilisha, haki ya kuishi na ya kuheshimiwa utu zikitumika kuangaza maana ya kifungu hicho.

Sehemu ya hukumu hiyo ninayoiona kuwa bora kuliko zote ni ile inayoeleza jinsi kifo kinavyogawiwa kwa bahati. Chaskalson hakusema majaji ni wabaya. Alifuata tu safari ya kesi ya mauaji kutoka mwanzo hadi mwisho, akionyesha katika kila kituo ni nani ameshika uhai wa mtu. Kwanza ni mpelelezi, na kama alifanya kazi yake vizuri au vibaya. Kisha ni mwendesha mashtaka, na namna alivyoiwasilisha kesi. Kisha wakili wa utetezi. Washtakiwa wengi wa mauaji walikuwa maskini, na waliteuliwa mawakili kwa gharama ya dola, ambao mara nyingi walikuwa vijana wasio na uzoefu, wasio na fedha za kutafuta mashahidi, na ambao lugha ya mteja wao hawakuijua, hivyo hata mazungumzo ya faragha yalihitaji mkalimani. Baada ya hapo yuko jaji na mtazamo wake kuhusu adhabu, na mwisho jopo la rufani ambalo mrufani hakulichagua.

Hebu tukitazame kituo hicho cha mkalimani kwa karibu. Mshtakiwa anaeleza kwa lugha ya mama yake kwa nini alikuwa pale, alimfuata nani, aliogopa nini, bunduki ilikuwa mikononi mwa nani. Maneno yake yanapita kwa mtu wa tatu, yanatoka yakiwa mafupi na makavu, na jaji anaandika yale aliyoyasikia. Kama mauaji yalitokea katika purukushani ya wizi, tofauti kati ya aliyepanga kuua na aliyeshtuka akafyatua inaweza kuwa imelala ndani ya kitenzi kimoja. Mtu aliyewahi kukaa mahakamani, akasikia ushahidi wa Kisukuma au wa Kigogo ukigeuzwa Kiswahili na kisha ukiandikwa na hakimu kwa Kiingereza, hatahitaji kuelezwa zaidi.

Upande wa mashtaka ulileta hoja tatu. Ya kwanza, na ndiyo ya nguvu, ilikuwa kwamba kitanzi kinawatia watu hofu wasiue. Mahakama haikuidharau, ilikiri kwamba uhalifu ulikuwa umezidi na wananchi walikuwa na haki ya kuogopa. Lakini takwimu zilizoletwa mbele yake zilisema jambo jingine. Kwa wastani nchi ilikuwa na mauaji yapatayo 20,000 kila mwaka, na kesi za mauaji zipatazo 9,000 zilifikishwa mahakamani kila mwaka. Kuanzia 1990 hadi Januari 1995 zilitolewa hukumu za kifo 243, na kati ya hizo 143 zilithibitishwa katika rufaa. Ukipiga hesabu ya miaka mitano, kesi ni kama 45,000, na waliothibitishiwa kifo ni chini ya wanne kwa kila kesi 1,000. Ni kweli kwamba si kila kesi huishia kwenye hatia, lakini hata ukipunguza nusu, picha haibadiliki. Jambazi anayetoka nyumbani usiku na bunduki ana sababu nyingi za kuamini kwamba hatakamatwa, akikamatwa hatatiwa hatiani, na akitiwa hatiani hatanyongwa. Mahakama ilisema kinachomzuia mhalifu kuliko yote ni uwezekano wa kukamatwa, kushtakiwa na kuadhibiwa, na huo ndio uliokosekana.

Ningependa kuongeza hapa jambo linalohusu unyang'anyi hasa. Kifungu kilichoshindaniwa hakikuwa cha mauaji peke yake; katika sheria ile hata unyang'anyi wenye mazingira ya kuzidisha uzito ungeweza kuleta adhabu ya kifo, ingawa hakuna aliyekufa. Kenya bado ina kifungu cha namna hiyo, 296(2) cha Kanuni ya Adhabu, ambacho chini yake inatosha mnyang'anyi awe na silaha ya hatari, au awe na mwenzake, au ampige aliyeibiwa. Mtu aliyeingia dukani na panga, akamtazama mwenye duka usoni, tayari yuko chini ya kitanzi. Akimwacha mwenye duka hai, amemwacha shahidi. Akimuua, sheria haina adhabu ya juu zaidi ya kumwongezea. Sijui kama kuna majambazi wanaopiga hesabu hiyo katika dakika ile ya hofu, lakini sheria inayowekwa ili kulinda uhai haipaswi hata kuruhusu hesabu hiyo ipigike.

Hoja ya pili, kwamba aliyenyongwa hataua tena, ilijibiwa haraka: kifungo cha maisha nacho kinamzuia. Ya tatu ilikuwa kisasi, au kwa lugha ya upole, ghadhabu halali ya jamii. Chaskalson alijibu kwamba adhabu inapaswa kulingana na uzito wa kosa bila kulazimika kufanana nalo, kwa maana dola haimtoboi macho aliyempofusha mwenzake. Kifungo kirefu sana nacho kinaonyesha ghadhabu. Na kuhusu maoni ya wengi, alikiri kwamba huenda raia wengi waliitaka adhabu ya kifo, kisha akasema kwamba kama maoni ya wengi ndiyo yangekuwa mwamuzi wa haki, hakungekuwa na haja ya Mahakama ya Katiba, kwani haki huandikwa ili ziwalinde hasa wale ambao wengi wamewakataa.

Maneno ya mwisho ya Katiba ile ya mpito yalitaja ubuntu, na majaji kadhaa, hasa Yvonne Mokgoro, waliyashika. Alilieleza neno hilo kwa methali ya Kinguni, umuntu ngumuntu ngabantu. Mswahili hahitaji tafsiri. Tunasema mtu ni watu, na neno letu utu limetoka kwenye shina hilohilo. Mara nyingi nimesikia watu wa kwetu wakisema kwamba kupinga kunyonga ni fikra za Wazungu. Kitanzi cha Pretoria, kama kile cha Isanga kule Dodoma, kililetwa na sheria za wakoloni, ilhali neno lililotumika kukiondoa lilitoka katika lugha za Kibantu.

Pamoja na sifa zote hizo, hukumu ina upungufu unaoniuma. Ukiisoma kurasa zote hutaonyeshwa tukio. Makosa yanatajwa mwanzoni kwa idadi, na uzito wake unathibitishwa kwa kunukuu majaji wa Bloemfontein, kisha mjadala unapanda kwenye Katiba, Marekani, India, Hungaria na Kanada. Watu wanne waliouawa wanabaki kuwa namba. Najua kwamba mahakama iliulizwa swali la kisheria peke yake, na sidhani majibu yangebadilika. Lakini mjane anayesikia kwamba aliyemuua mumewe hatanyongwa anastahili kuona kwamba majaji walimtazama mumewe kwanza. Baadhi yao waliandika kwa uchungu kuhusu waathirika wa uhalifu kwa ujumla. Kuhusu wanne hawa, karibu hakuna.

Mahakama ilitangaza kwamba vifungu vya adhabu ya kifo ni batili, isipokuwa kile cha uhaini wakati wa vita ambacho haikukigusa, ikaikataza dola kumnyonga yeyote aliyekwisha kuhukumiwa, na ikaamuru wafungwa hao wabaki gerezani hadi wapewe adhabu nyingine halali. Hakuna aliyefunguliwa mlango. Sheria ya mwaka 1997 iliweka utaratibu wa kubadilisha adhabu, na sheria hiyohiyo ikaweka kifungo cha maisha kuwa adhabu ya chini kwa anayeua katika unyang'anyi wa aina hii, isipokuwa mahakama ione sababu nzito za kupunguza. Utekelezaji ulisuasua mno: mwaka 2005, miaka 10 baada ya hukumu, Mahakama ya Katiba ilikuta bado wapo wafungwa ambao adhabu zao za kifo hazijabadilishwa, ikaamua kuusimamia mchakato yenyewe. Nyumba ya kunyongea ya Pretoria ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2011.

Sasa turudi Tanzania na kwa yale maneno manne, yanayoiachia sheria iiwekee mipaka haki ya kuishi. Tarehe 30 Januari 1995, majuma mawili tu kabla ya mahakama ya Johannesburg kuanza kusikiliza, Mahakama ya Rufani ya Tanzania, wakiwa majaji Makame, Ramadhani na Lubuva, ilitoa hukumu katika shauri la Mbushuu, aliyehukumiwa kwa mauaji. Katika shauri hilohilo Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu alikuwa ameamua mwaka 1994 kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba. Mahakama ya Rufani ilikubaliana naye kwenye jambo ambalo wengi wanalisahau: kwamba kunyonga ni adhabu ya kikatili, ya kinyama na ya kudhalilisha. Ilimpinga kwenye hatua iliyofuata. Ilisema Ibara ya 30(2) inaruhusu haki zipunguzwe kwa maslahi ya umma, kwamba ushahidi kuhusu kuzuia uhalifu haukuegemea upande wowote, na kwamba kuamua kama adhabu hiyo inahitajika ni kazi ya jamii.

Chaskalson aliisoma hukumu hiyo ya Dar es Salaam na kuijadili kwa heshima. Mahakama zote mbili zilikuta kitu kilekile: adhabu ni katili, na hakuna aliyethibitisha kwamba inaokoa maisha. Tofauti ilikuwa shaka hiyo imwangukie nani. Katiba ya Afrika Kusini, alisema, inaitaka dola ihalalishe kila kinachopunguza haki, na dola ikishindwa, haki inabaki. Dar es Salaam, shaka ileile ilikiacha kitanzi mahali pake. Kwa maoni yangu Jaji Mwalusanya ndiye aliyekuwa amelishika jambo hili kwa usahihi, karibu mwaka mmoja kabla ya Johannesburg.

Na kwetu suala halijafika hata pale Afrika Kusini ilipokuwa mwaka 1990. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinamtaka jaji, akishamtia mtu hatiani kwa kuua kwa kukusudia, atamke kifo bila kuuliza lolote. Aliyepanga mauaji kwa mwezi mzima na kijana aliyefuatana na wenzake kwenda kuiba, akashtuka na kufyatua, wanapata sentensi moja. Tarehe 28 Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, iliamua katika shauri la Ally Rajabu na wenzake kwamba ulazima huo unavunja haki ya kuishi, na kwamba kunyonga kunavunja utu wa mtu. Iliiamuru Tanzania iuondoe ulazima huo katika sheria ndani ya mwaka mmoja, na iwasikilize upya waombaji hao kuhusu adhabu, mbele ya jaji mwenye uhuru wa kupima.